Mkia wa Boti na Wimbi la Mwera

Huku Matema, mchangani mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, watu hunitambulisha kwa mkia wa boti, yaani sehemu yake ya nyuma. Mteja akishuka kwenye bodaboda akauliza fundi wa boti, vijana wa mwaloni humuuliza kwanza anataka mkia bapa au mkia uliochongoka, na akisema uliochongoka wanamleta kwangu. Nimeunda boti za uvuvi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kuanzia Itungi hadi vijiji vya pwani ya Ludewa ambako mbao hufika kwa maji. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni wapi nilitoa wazo la boti yenye injini lakini haina mkia bapa. Jibu lake ni refu, maana linaanzia kwenye ziwa lenyewe.

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, nasi wa Kyela tuko kwenye ncha yake ya kaskazini. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa mwera unavuma kutoka kusini-mashariki, unalifuata ziwa kwa urefu wake, na njia nzima hakuna kitu cha kuuzuia. Wimbi linalozaliwa mbali huko kusini linapata nafasi ya kukua mpaka linapofika mchangani kwetu. Tena si wimbi la baharini lile refu linalokunyanyua taratibu. Wimbi la ziwani ni fupi, limesimama wima, na kabla hujamaliza kulipanda moja, la pili limefika. Sasa mfikirie mvuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hili, anayerudi alfajiri, boti imelemewa, gati hakuna, bandari ya kujificha hakuna. Lazima aingie mchangani moja kwa moja huku mawimbi yote yakimfuata kwa nyuma. Boti ya kwetu hupimwa hapo, katika zile mita chache za mwisho, na kinachopimwa ni mkia.

Mjomba wangu alikuwa mchonga mitumbwi. Aliyewahi kuuona mtumbwi wa Ziwa Nyasa anajua kwamba mdomo wake ni mwembamba kuliko tumbo lake. Mbavu zinajikunja kwa ndani juu, mvuvi anakaa juu ya mdomo na miguu ndiyo inayoingia ndani. Mbele umechongoka, nyuma umechongoka. Mgeni akiuona hudhani mchongaji aliishiwa nguvu kabla hajaufungua vizuri. Mjomba aliniambia sentensi moja tu, akaendelea kupiga tezo: "Mdomo mpana unakunywa maji, mpwa wangu." Alikuwa akigonga ubavu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza sauti ili ajue unene uliobaki. Hakuwa na futi wala penseli, lakini mtumbwi wake ulikaa sawa majini siku ya kwanza.

Kazi ile haikuweza kuendelea vile. Mti wa kutoa mtumbwi mkubwa ni mti wa miaka mingi, na mivule ya namna hiyo ilikuwa imebaki ya kuhesabu, mingine haikatwi bila kibali, na ni haki isikatwe. Boti za mbao zilikuwa zimeshaanza kuchukua nafasi ya mitumbwi. Nikaenda pwani, Bagamoyo, kujifunza kuunganisha chombo kwa mbao.

Pwani nilipata elimu ambayo hadi leo naila. Nilijifunza kulaza mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, kusimamisha mataruma, yaani mbavu zake, kutafuta tawi la mwembe au mfenesi lililojipinda lenyewe ili taruma lifuate mshipa wa mti badala ya kukatwa kinyume chake. Nilijifunza kupiga kalafati, pamba ikaingia kwenye kiungo kwa kipimo, maana ikizidi inasukuma ubao na ikipungua maji yanapita. Fundi wangu wa kule alikuwa mkali kuhusu chini ya chombo. Kila baada ya muda walikilaza mchangani, wakakiunguza kwa moto wa makuti na kukipaka shahamu, kwa sababu baharini kuna minyoo inayotoboa mbao mpaka ubao unabaki ganda.

Nilipoileta elimu hiyo Kyela nikakuta adui ni mwingine. Ziwani minyoo ile haipo. Kinachoua boti yetu ni kuoza, na kuoza kunaanzia juu, mahali pasipoguswa na ziwa kabisa. Maji ya chumvi huuhifadhi ubao kwa kiasi chake, ya mvua hayafanyi hivyo. Kyela ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi zaidi nchini, na boti iliyovutwa mchangani inakusanya maji ya mvua kwenye kona, chini ya benchi, nyuma ya taruma. Ukuvu unaanza kazi hapo. Kwa hiyo boti zangu hazina kona iliyofungwa. Kila taruma lina tundu chini ili maji yapite kuelekea nyuma, karibu na mkuku kuna kizibo cha kufungua boti ikiwa nchi kavu, na mbao za sakafu zinaachiana nafasi ili hewa ipite. Vijana wanaokuja kujifunza hudhani haya ni mapambo. Ni nusu ya umri wa boti.

Tena kuna jambo la uzito wa maji yenyewe. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwani kwa karibu asilimia 2.5, hivyo boti ile ile yenye mzigo ule ule inazama kidogo zaidi huku kwetu. Ni kidogo, lakini kwa boti iliyojaa usipa hadi mdomoni hicho kidogo ndicho kinachoruhusu wimbi kuingia. Vipimo vya pwani naongeza ubavu kabla sijavitumia.

Injini za kufunga nyuma zilikuja na mkia bapa. Haikuwa kosa la mtu. Injini yenyewe imetengenezwa ibanwe kwenye ubao uliosimama, wenye kimo cha inchi 15 kwa shingo fupi au inchi 20 kwa shingo ndefu, basi mafundi walikata mkia wa boti wakaweka ubao. Kwenye ghuba tulivu ni umbo zuri sana. Lina nafasi, linabeba uzito wa injini bila kuzama nyuma, na linakwenda kasi. Matema wakati wa mwera hali ni tofauti. Wimbi linalokuja kwa nyuma likikuta mkia uliochongoka linagawanyika, nusu kulia na nusu kushoto, na boti inanyanyuka. Likikuta ubao bapa halina pa kwenda, linapanda na kumwagika ndani. Injini inazimika. Boti isiyo na injini inageuka ubavu kwa wimbi la pili, na la tatu linaibinua. Nimeona nyavu za msimu mzima zikipotea mita chache kutoka watu waliposimama. Nimeona pia msiba, na baada ya msiba ule niliacha kupokea oda ya mkia bapa kwa ajili ya mialo inayotazama kusini, hata mteja akiwa na fedha mkononi.

Wazo la kwanza tulilolijaribu lilikuwa mkono wa pembeni: boti imechongoka pande zote mbili, injini inaning'inia ubavuni karibu na nyuma. Ni rahisi na fundi yeyote anaweza. Lakini boti inavutwa upande mmoja muda wote, na wimbi likiilaza upande wa pili propela inatoka majini na injini inapiga kelele bila kusukuma chochote. Kibaya zaidi, wavu unaovutwa usiku unanasa kwenye ule mkono. Wavuvi waliuvumilia kwa sababu waliogopa mkia bapa, hawakuwahi kuupenda.

Kilichokuja baadaye ni kisima. Unauacha mkia umechongoka kama wa mtumbwi, kisha mbele yake, ndani ya boti, unajenga sanduku lisilo na sakafu. Injini inabanwa kwenye ukuta wa sanduku hilo na shingo yake inashuka majini kupitia uwazi. Watu waliokiona mara ya kwanza walishtuka. Boti yenye tundu chini! Niliwaonyesha kwa ndoo iliyokatwa kitako: ukiisimamisha ziwani, maji ndani yake yanapanda mpaka usawa wa maji ya nje, hapo yanasimama. Kuta za kisima zikipita usawa huo kwa kimo cha kutosha, na viungo vyake vikipigwa kalafati kama vya nje, maji hayana njia ya kuingia kwenye boti.

Faida moja sikuitarajia kwa ukubwa iliokuja nao. Kwa kuwa injini imesogea kuelekea katikati, wimbi likiunyanyua mkia propela inabaki majini, na boti inaendelea kutii hadi mchangani. Hasara zipo na sizifichi kwa mteja. Boti inageuka kwa uvivu zaidi, maana nguvu ya kugeuza iko karibu na kiuno. Uwazi wa chini unaburuza maji, basi nikaweka ulimi wa ubao unaoteleza na kuziba nafasi iliyobaki nyuma ya shingo ya injini. Unapokaribia nchi kavu unauvuta ulimi juu, kisha unainua injini isije ikapiga mchanga. Kwa sababu hiyo uwazi lazima uwe mrefu. Kisima kifupi kinamlazimisha mvuvi kung'oa injini nzima katikati ya mawimbi, na kisima cha namna hiyo ni hatari kuliko mkia bapa. Halafu kuna moshi. Injini iliyozungukwa na kuta inavuta moshi wake yenyewe na kudhoofika, kwa hiyo juu ya usawa wa maji natoboa dirisha upande wa nyuma, na juu siwezi kuweka kifuniko hata mteja akitaka kuficha mashine isionekane.

Mzee mmoja wa Lyulilo, mvuvi wa mbufu tangu enzi za makasia, alikaa ndani ya boti ya kwanza ya namna hiyo ikiwa bado juu ya magogo. Akapima kwa mikono, akasema: "Mwanangu, kisima chako kimekula mahali pa nyavu zangu." Alikuwa sahihi kabisa. Nyavu kwa desturi hukaa nyuma. Nikamwomba anionyeshe, papo hapo nchi kavu, anavyosimama, anavyovuta, mwenzake anakaa wapi, samaki anaangukia wapi. Tukaigiza uvuvi wa usiku mzima chini ya mwembe. Boti iliyofuata ilikuwa na tumbo lililosogezwa mbele, na sehemu ya nyavu katikati, upande wa kulia. Tangu siku ile sichori boti kabla sijamwona mwenye boti akivuta wavu, hata kama ni wavu mtupu juu ya nyasi.

Na mdomo mwembamba wa mjomba ukarudi pia. Kwenye ubavu wa juu naweka ubao wa kulala kuelekea ndani, mpana kiasi cha kiganja na nusu, na mbele kabisa sehemu iliyofunikwa. Maji yanayoruka yanagonga ubao huo na kurudi ziwani. Wavuvi wa usipa waliulalamikia kwa kuwa wanachota samaki kwa kuinama juu ya ubavu, kwao nikaufanya wa kutoa na kurudisha. Nikiangalia boti hiyo sasa naona mtumbwi wa zamani uliopewa mbao, tumbo na injini. Mtu akiniita mbunifu namwambia hivyo, wala si unyenyekevu. Waliochonga mitumbwi ile walikuwa wameshalijibu ziwa hili, mimi nilipata bahati ya kukulia chini ya tezo la mmoja wao.

Kazi ya ukarabati huku hufuata mwezi. Usipa huvuliwa kwa taa gizani. Mbalamwezi ikiwa kubwa samaki hatulii kwenye taa, wavuvi wanapumzika na boti zote zinakuja juu kwa pamoja. Hizo ni siku ambazo hatulali. Zamani ilikuwa karabai, mafuta ya taa na vioo vinavyopasuka kwa tone la maji. Sasa ni taa za betri, na betri zimebadili hata boti. Ni nzito, basi nazilaza chini karibu na mkuku ambako uzito wake unaisaidia boti isiyumbe, ndani ya kisanduku chenye matundu ya hewa na mkanda wa kuzifunga. Tindikali ikimwagika inakula misumari bila kelele, hivyo kisanduku nakipaka resini ndani, ile gundi inayoganda ikawa ngumu, na hakuna msumari unaopita kwenye sakafu yake.

Kuhusu mbao, nyanda zetu zina utajiri ambao mafundi wengi wa boti waliudharau. Shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi linatoa paina kwa wingi, na gari la mbao likishuka kutoka Mafinga bei yake haikaribiani na mvule. Ila paina mbichi ikiwekwa majini inaoza upesi. Iliyotiwa dawa yenye shaba inadumu, lakini dawa ile inakula msumari wa kawaida, lazima utumie uliopakwa zinki vizuri, na mbao hizo siziweki ndani ambako samaki analala. Njia niliyoitegemea zaidi ni paina kavu iliyovikwa faiba kwa nje, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa resini. Faiba haishiki vizuri kwenye mti wenye mafuta kama mvule; kwenye paina iliyokaushwa kivulini inang'ang'ania. Neno lenyewe ni kukaushwa. Ukivika faiba ubao wenye unyevu umeyafungia maji ndani, na boti itaoza ikiwa inang'aa kwa nje. Resini nayo ina tabia ya hali ya hewa. Kipimo cha hadina, dawa ya kuigandisha, kinachofaa asubuhi ya baridi Tukuyu kitakugandia ndooni saa saba mchana huku Kyela. Mkuku, kiatu chake na mataruma vinabaki vya mti mgumu, maana mchanga wa Matema ni msasa, na boti inaburuzwa juu yake kila siku ya Mungu.

Kuivuta boti nchi kavu ni jambo ambalo wachoraji wa mijini hulisahau, na kwetu ndilo linaloamua uzito wote. Chombo kilicho juu ya ardhi hakina uwezo wowote. Ziwa hili lina ushahidi wa kihistoria: Agosti 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, meli ya Kiingereza Gwendolen iliikuta meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann pale Liuli ikiwa imepandishwa kwa matengenezo, nahodha wake hata habari za vita hajazipata, wakaiharibu palepale isiweze kuondoka. Kwetu adui ni mwera wa usiku. Boti ambayo watu wanne hawawezi kuisukuma juu ya magogo kabla wimbi halijaifikia ni boti itakayovunjika, hata ikiwa nzuri namna gani. Mteja akitaka chombo kirefu zaidi namuuliza kwanza ana watu wangapi alfajiri.

Kuna kitu kimoja sikipunguzi hata bei ikigombewa vipi: vielea. Boti ya mbao ikijaa maji inaelea yenyewe, lakini injini ya farasi 15 ina karibu kilo 40, weka betri na nyavu zilizolowa, mkia unakwenda chini na watu wanabaki hawana cha kushika. Dumu tupu la lita 20 lililozibwa vizuri linanyanyua karibu kilo 20. Nayafunga chini ya mabenchi, mbele na nyuma. Wavuvi walikuwa wakiyachomoa kuwekea mafuta ya injini, kwa hiyo sasa nayapigia ubao mbele kwa skrubu nyingi mpaka anayetaka kuyatoa achoke. Wakaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, huuliza maboya ya kuvaa na cheti. Mimi nataka hata asiyevaa boya awe na ubavu wa boti wa kukumbatia hadi wenzake wafike.

Sasa hivi juu ya magogo kuna mkuku mpya na mabishano mapya. Mwenye boti ni mfanyabiashara kijana anayekusanya samaki kwenye vijiji vya chini ya Milima ya Livingstone, ambako barabara ni shida, ili awafikishe Mbeya kupitia Tukuyu wakiwa kwenye barafu. Anataka mkia wangu, lakini anataka injini ya farasi 40. Nimemweleza kwamba boti iliyochongoka nyuma ina mwendo wake. Yenye mita 7 majini inafika karibu kilomita 12 kwa saa, na ukiilazimisha zaidi mkia unakaa chini, omo, yaani mbele ya boti, linainuka, na mafuta yanaungua bila safari kuongezeka. Yeye anasema barafu haimsubiri, na siwezi kumlaumu. Hivyo nimemchorea mkia wa namna nyingine: chini ya maji ni mpana na tambarare ili ubebe kasi, juu ya maji unachongoka ili ulipasue wimbi. Nimeuchonga mdogo kwa kipande cha paina, tunauburuza kwa kamba nyuma ya mtumbwi kwenye mlango wa mto Lufilyo na kuangalia maji yanavyoachana nao. Upande wa kushoto bado yanajikunja vibaya. Mataruma ya nyuma nimeyazuia yasipigiliwe mpaka hilo liishe, na kijana amekubali kusubiri mwera upite.